Roketi Ikilipuka ni Mungu Kakataa au ni Fundi Kakosea? Maswali Ninayoulizwa Kila Siku Hapa Dodoma

Mi ni mwalimu wa fizikia na jumapili niko kwaya, sasa kila video ya roketi iliyolipuka ikiingia kwenye magrupu ya watsap naulizwa mara mbili, wanafunzi wananiuliza kama mwalimu na wazee wa kanisa wananiuliza kama mtoto wao aliyesoma. Kijiwe cha kahawa kule Sabasaba ndo usiseme kabisa. Nimechoka kurudia nikaona niyaandike yote sehemu moja. Yana namba, kwahiyo nikikujibu "nenda namba 4" usidhani nimekudharau.

## YA KUANZIA

1. Mwalimu, kwani roketi inaanguka kwa sababu gani hasa?

Roketi ni tanki la mafuta lenye kimzigo kidogo juu. Ikiwa imesimama pale haijaruka, karibu uzito wake wote ni mafuta tu, na hayo mafuta inabidi yaungue kwa mpangilio kwa kama dakika nane tisa hivi mpaka mzigo uwe unakimbia karibu kilomita 28,000 kwa saa, ukipungukiwa hapo unarudi chini. Ndani kuna vali, pampu, waya, sensa, programu za kompyuta, maelfu na maelfu, na vingi havina nafasi ya kukosea. Gari likizima Ihumwa unasogea pembeni, unafungua boneti, unampigia fundi. Roketi haina pembeni.

Kwahiyo wakichunguza mabaki mara nyingi wanakutana na kitu kidogo cha kuchekesha, kimpira, waya, namba iliyoandikwa vibaya, na nyuma ya hicho kitu kidogo wanakutana na mkutano ambao watu walikaa wakaamua "twende tu".

2. Msibani tunasema kazi ya Mungu haina makosa. We unavyosema fundi kakosea si unapinga?

Sipingi, na mimi naisema. Ila hebu isikilize yenyewe inasemaje: kazi ya Mungu haina makosa. Sasa kama kosa tumeliona kwa macho, mpira umepasuka, waya umeungua, hiyo kazi ni ya nani? Ni yetu bwana. Kinachonikera ni watu kuchukua kazi ya binadamu yenye makosa yake wakaibandika jina la Mungu ili isichunguzwe.

Mwaka jana nyumbani mtungi wa gesi ulikuwa unatoa harufu, mi nikasema Mungu atatulinda nikaendelea kusahihisha mitihani, mama watoto hakunisikiliza akamwita kijana wa jirani, akafungua regulata akatoa kampira kamechanika. Kampira ka hela ya andazi. Mungu alitulinda kweli, ila alimtumia mke asiyenisikiliza.

3. Lakini kuna maandiko kabisa! Mnara wa Babeli, na Obadia anasema hata ukipanda juu kama tai ukaweka kiota kati ya nyota nitakushusha.

Hili naletewa na wazee wawili watatu kila mara, na Zaburi 115 juu yake, mbingu ni za Bwana nchi kawapa wanadamu. Sawa. Obadia anaongea na Edomu, watu waliojiona wako salama kwenye miamba yao huku ndugu zao wanaumia, hajaongelea mainjinia. Na Babeli rudi usome Mwanzo 11 taratibu, hakuna sehemu inasema mnara ulianguka, kilichotokea ni lugha zilichafuliwa wakashindwa kuelewana wakaacha kujenga. Nitairudia hii namba 6 maana kuna chombo kilipotea kwa staili hiyohiyo kabisa.

Mnara ulioanguka upo Luka 13. Ule wa Siloamu, uliua watu 18, na Yesu anauliza mnadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wengine wote wa Yerusalemu? Akajibu mwenyewe, sivyo. Halafu kuna Kumbukumbu la Torati 22:8 ambalo sijawahi kusikia likihubiriwa hata siku moja: ukijenga nyumba mpya weka ukingo kwenye paa, mtu akianguka damu yake isije ikawa juu ya nyumba yako. Halijasema "akianguka ni siku yake ilifika". Limesema weka ukingo.

Kwa Waislamu, rafiki yangu ustaadh ananiambia ni vilevile, Surat Ar-Rahman aya ya 33 inasema mkiweza kupenya mbingu na ardhi basi penyeni, ila hamtapenya isipokuwa kwa nguvu, na kuna wanaoisoma kama katazo na kuna wanaoisoma kama changamoto. Yeye binafsi anapenda zaidi hadithi ya yule bedui na ngamia, Mtume akamwambia mfunge kwanza ndo umtegemee Mungu.

## AJALI ZENYEWE

4. Ile ya Challenger, chombo cha anga cha Marekani kilichokuwa na mwalimu ndani, kwanini Mungu aliruhusu?

Hii inanigusa maana yule mama, Christa McAuliffe, alikuwa mwalimu kama mimi, alichaguliwa kati ya waombaji zaidi ya 11,000 aende kufundisha kutokea angani. Tarehe 28 Januari 1986, sekunde 73 baada ya kuruka, chombo kikasambaratika, wote saba wakafa, na watoto wa shule Marekani nzima walikuwa wanaangalia kwenye tivii.

Sasa sikiliza. Kwenye yale maroketi mawili ya pembeni kuna maungio, na kwenye maungio kuna oringi, yaani pete za mpira za kuzibia, hizihizi oringi ambazo fundi pikipiki wa Majengo anakwambia kanunue mpya, sema tu zile ni kubwa sana. Mpira ukipigwa na baridi unakuwa mgumu, hauwahi kuziba. Usiku wa kuamkia siku ile Florida iligonga barafu mpaka mnara wa kurushia ukaota vijiti vya barafu, na asubuhi wakati wa kuruka ilikuwa kama nyuzi 2 tu. Mainjinia wa Morton Thiokol, kampuni iliyotengeneza hayo maroketi, jioni ya kabla yake waliongea kwa simu masaa kadhaa na NASA, shirika la anga la Marekani, wakasema msirushe, chini ya nyuzi 12 hatuna uhakika. Roger Boisjoly alikuwa mmoja wao, alibishana mpaka basi. Mabosi wa kampuni wakakaa pembeni wakarudi wakasema ruksa. Kesho yake oringi ya roketi ya kulia ikashindwa kuziba, moto ukachomoka pembeni.

Kwenye tume ya uchunguzi alikuwepo mwanafizikia Richard Feynman, akachukua kipande cha ule mpira akakibana akakitia kwenye glasi ya maji ya barafu mbele ya kamera, akakitoa akakiachia, hakirudi haraka. Basi. Mi hiyo naifanya darasani kila mwaka kwa barafu ya mama wa ubuyu. Feynman pia aliwauliza watu wa NASA hatari ya kupoteza chombo ni kiasi gani, mainjinia wakasema kama mara moja kwa safari 100, mabosi wakasema mara moja kwa 100,000. Chombo ni kilekile aisee.

Kwahiyo ukiniuliza Mungu alikuwa wapi usiku ule, mi naona kama sauti yake ilikuwepo basi ilikuwa kwenye ile simu, inasema msirushe.

5. Na Columbia? Tuliambiwa ililipukia juu ya mji unaitwa Palestine na ndani kulikuwa na Muisraeli, hiyo si ishara wazi?

Ni kweli tarehe 1 Februari 2003 Columbia, chombo ndugu yake Challenger, ilikatikia juu ya Texas, ni kweli Texas kuna mji unaitwa Palestine na mabaki yalitawanyika maeneo ya huko, na ni kweli Ilan Ramon alikuwa ndani. Ila mabaki yalitawanyika mamia ya kilomita, miji iliyokuwa chini yake ni mingi tu, sasa tunachagua mmoja kwa jina lake. Halafu ndani kulikuwa na watu saba. Kulikuwa na Kalpana Chawla aliyezaliwa India. Kamanda wao Rick Husband alikuwa mlokole anayejulikana kabisa. Huyo Mungu wa ishara mbona anapiga basi zima kwa ajili ya abiria mmoja?

Kilichotokea: siku ya kuruka, tarehe 16 Januari, kipande cha foamu kilibanduka kwenye tanki la nje kikapiga ukingo wa bawa la kushoto. Uzito hata kilo haikufika, lakini kwa mwendo wa kama kilomita 800 kwa saa kikatoboa. Mainjinia walikiona kwenye video. Wakaomba setilaiti za jeshi zipige picha ya bawa, wakuu wakasema haina haja. Foamu ilishabanduka safari nyingi zilizopita na vyombo vikarudi salama, kwahiyo watu walizoea. Chombo kikakaa juu siku 16 na tundu lake, wakati wa kurudi hewa ya moto ikaingia ndani ya bawa.

Neno langu hapo ni "walizoea". Ile ya gari kuwaka taa nyekundu mwezi mzima na linatembea tu.

6. Mbona nyingine haziui mtu, zinapotea tu kimyakimya? Hapo napo kuna kosa?

Hapo ndo makosa yanachekesha, maana hakuna msiba wa kukuzuia kucheka. Mars Climate Orbiter, chombo cha Marekani kisicho na watu, Septemba 1999 ilifika sayari ya Mars ikashuka mpaka kama kilomita 57 juu ya uso badala ya zaidi ya 140, ikapotea. Timu moja ilikuwa inatoa namba za msukumo kwa pauni, timu nyingine inazipokea kama nyutoni, na pauni moja ni karibu nyutoni 4.45. Ni kama mtu wa Kibaigwa anakutajia mahindi kwa debe na we huku unaandika kilo, miezi yote ile ya safari, na hakuna anayeuliza mbona hesabu haifungi. Hiyo ndo Babeli niliyosema namba 3.

Ariane 5 ya Ulaya, safari yake ya kwanza kabisa 4 Juni 1996, haikumaliza hata dakika moja. Walichukua programu ya Ariane 4 wakaipachika, roketi mpya ina kasi kubwa, namba ikawa kubwa kuliko nafasi iliyotengwa kwenye kompyuta, kompyuta ikachanganyikiwa.

Na Proton ya Warusi Julai 2013, hii naipenda, sensa za mwendo zilifungwa juu chini. Zilikuwa na mshale kabisa wa kuonyesha juu ni wapi.

7. Apollo 13 je, ile ya kwenda mwezini iliyoharibikia njiani? Watu waliomba dunia nzima na wakarudi. Huo si muujiza?

We ukiita muujiza sikukatazi. Papa Paulo wa 6 aliomba, makanisa yaliomba, na wale watatu wakarudi wazima Aprili 1970. Ila tanki la oksijeni halikulipuka kwa muujiza, ndani yake kulikuwa na swichi za kuzuia joto lisizidi, zimetengenezwa kwa volti 28 na kwenye uwanja wa kurushia wakaziunganisha na volti 65, zikagandana, joto likapanda, plastiki ya waya ikaungua, na wanaanga wakaruka na waya huo hivyohivyo. Na hawakurudi kwa kukaa tu, kuna watu Houston, kituo cha kuongozea safari, hawakulala, wakatengeneza kichujio cha hewa chafu kwa vitu vilivyokuwemo ndani ya chombo, mabomba, plastiki, majalada ya makaratasi na selotepu. Kama Mungu alijibu basi alijibu kwa selotepu.

Na lile la mkosi wa 13, eti iliruka saa 13:13 kwa saa za Houston. Kwa saa zetu za Kiswahili hiyo ni saa saba na dakika kumi na tatu, mkosi umeshapungua nusu.

## DUA NA MAOMBI

8. Si ni kwa sababu hao watu hawamwombi Mungu?

Wanaomba sana, pengine kutuzidi sisi tunaopanda basi pale Nanenane. Wakuu wa shirika la anga la India wana desturi ya kwenda hekalu la Tirumala kabla ya kurusha, wanabeba na kimodeli cha chombo. Baikonur, uwanja wa Warusi wa kurushia roketi, padri wa Kiorthodoksi ananyunyizia roketi maji ya baraka. Apollo 8 wakizunguka mwezi mkesha wa Krismasi 1968 walisoma Mwanzo sura ya kwanza. Na wale wa JPL, maabara ya NASA huko California, wasioomba wanakula karanga, tangu 1964, maana siku ile mtu alileta karanga na Ranger 7, chombo cha kupiga picha mwezi, ikafanikiwa baada ya sita kushindwa.

9. Sasa kama wanaomba, mbona zingine zinaruka na zingine zinaanguka?

India walipeleka chombo mwezini Septemba 2019 kikajibamiza, wakarudi tena 23 Agosti 2023 kikatua vizuri. Hekalu ni lilelile. Kilichobadilika ni miguu wakaiimarisha, mafuta wakaongeza, na eneo la kutua wakalipanua kutoka mita 500 kwa 500 mpaka kilomita 4 kwa 2.4, yaani kompyuta wakaipa uwanja wa kuchagua.

Mfano mwingine ni Soyuz, chombo cha Warusi kinachobeba watu, iliyoruka Baikonur tarehe 11 Oktoba 2018. Dakika mbili juu ikafeli, sababu sensa moja ilipinda wakati wa kufunga roketi. Ila mfumo wa kuokoa watu ukawachomoa wale wawili, Ovchinin na Hague, wakashuka wazima, na Machi mwaka uliofuata wakapanda tena palepale. Sasa maji ya baraka hapo yalifanya kazi au hayakufanya? Kijiweni tulibishana hii mpaka kahawa ikapoa, ustaadh ndo alishinda, alisema wale waliobuni ule mfumo wa kuokoa ndo waliofunga ngamia.

10. Ukiwa kule juu unaswali ukielekea wapi?

Malaysia walipompeleka Sheikh Muszaphar Shukor mwaka 2007 wanazuoni wao walikaa wakatoa mwongozo: elekea Kaaba ukiweza, usipoweza elekea duniani, usipoweza kabisa elekea popote. Wameshamaliza, tusiongeze yetu.

11. Roketi za Elon Musk, yule tajiri wa Marekani, mbona zinalipuka kila siku, si Mungu anamshusha?

Soma namba 3 kwanza. Halafu jua ile Starship, roketi yake kubwa, wanairusha bila watu makusudi wajue itakatikia wapi, ya kwanza Aprili 2023 iliruka dakika nne tu, na Oktoba 2024 wakaweza kuidaka ile sehemu ya chini ya roketi kwa mikono ya mnara. Kama ni adhabu basi ni adhabu inayomfundisha kazi.

## HUKU KWETU

12. Lile chuma lililodondoka Kenya lilikuwa ni nini? Bibi yangu kasema ni ishara.

Tarehe 30 Desemba 2024, kijiji cha Mukuku kaunti ya Makueni, pete ya chuma ya upana wa kama mita 2.5 na kilo kama 500. Shirika la Anga la Kenya lilisema ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi. Kawaida zinatakiwa ziungulie angani au zidondoke baharini. Hakuna aliyeumia, kwa hilo bibi yuko sahihi kushukuru, na serikali iko sahihi kutafuta mwenye mali. Vyote viwili kwa pamoja havigombani.

13. Afrika Mashariki si hatujawahi kurusha, haya yanatuhusu nini?

Zimerushwa! Waitaliano walikuwa na jukwaa baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, wakarushia pale setilaiti ya Marekani ikaitwa Uhuru. Kiswahili kabisa. Na setilaiti ya Kenya, Taifa-1, ilirushwa 15 Aprili 2023 kutoka California baada ya kuahirishwa kwa ajili ya hali ya hewa, na watu mitandaoni wakacheka sana ule uahirishaji. Hao waliocheka wasome namba 4.

14. Mbona unaongelea roketi tu, kuna tofauti gani na ajali zetu?

Hakuna. Hapa Dodoma wenye umri wangu tunakumbuka 24 Juni 2002, treni ya abiria ilikuwa inapandisha kule Msagali, ikashindwa, ikarudi nyuma bila breki mpaka Igandu ikagonga treni ya mizigo. Wakafa zaidi ya 280. Nakumbuka mahubiri ya wiki ile, kote kazi ya Mungu haina makosa, na mi nilikuwa nalia kama wengine. Ni baadae sana nikiwa nasoma habari za zile oringi ndo nikajiuliza kwanini breki za Igandu sijawahi kuziuliza hata mara moja.

## MAGUMU KIDOGO

15. Radi na jua je? Hapo hakuna fundi, hapo si ni Mungu moja kwa moja?

Swali zuri kuliko yote na silijibu kwa kujiamini sana. Apollo 12, 14 Novemba 1969, ilipigwa na radi mara mbili ndani ya dakika ya kwanza, umeme ukayumba wote, kijana wa miaka 26 kule Houston anaitwa John Aaron akakumbuka swichi moja ambayo karibu hakuna mwenzake aliyeijua, wakaiwasha, safari ikaendelea. Radi ni ya nani sijui, ila kurusha roketi kwenye wingu la mvua ni uamuzi wa mtu, na baada ya pale kanuni za hali ya hewa zilikazwa.

Februari 2022 napo setilaiti 49 za Starlink, za huyohuyo Musk, zilirushwa, dhoruba ya jua ikavimbisha hewa ya juu, karibu 40 zikaburuzwa chini. Hakuna aliyelipanga jua. Lakini waliziachia kwenye njia ya chini sana kwa makusudi, na zilizofuata wakaziweka juu zaidi. Mkulima wa Bahi haleti mvua, ila akipanda mpunga mlimani usiseme ni mvua.

16. Kama ni kosa la mtu basi si tumfunge huyo fundi tumalize?

Hili nalo ni uvivu uleule wa namba 2 uliogeuzwa. Yule aliyefunga sensa juu chini, nani aliikagua? Nani aliibuni ikawa inaweza kuingia juu chini? Warusi watatu wa Soyuz 11, 30 Juni 1971, walikutwa wamekaa kwenye viti wamekufa, vali ilifunguka angani hewa ikaisha, na hawakuwa na suti za kinga sababu watu watatu na suti hawaenei mle ndani. Suluhisho halikuwa kumtafuta aliyeshika vali. Walipunguza watu wakawa wawili, kila mmoja na suti yake.

17. Familia ya marehemu ikisema ni mapenzi ya Mungu, niwasahihishe?

We! Nyamaza, kaa kwenye mkeka, toa rambirambi. Maneno yale ni ya kumshika mtu asidondoke, sio ripoti ya uchunguzi. Ripoti ina watu wake na siku yake. Anayenikera mimi ni yule mwenye basi akija msibani na kanzu mpya akaisema yeye.

18. Kile kinyota kinachotembea usiku bila kupepesa, kinaweza kutuangukia?

Kama kinavuka anga dakika nne tano hivi na kinang'aa sana, mara nyingi ni kituo cha anga cha kimataifa, tani kama 420, kuna watu ndani wanaishi. Hakidondoki hovyo, kinasukumwa juu kila baada ya muda, na mpango ni kukishusha kwa makusudi kwenye Pasifiki ya kusini mbali na watu, mwanzoni mwa miaka ya 2030. Ukitaka kukiona vizuri toka nje ya mji, Chamwino au Hombolo huko kwenye giza, jioni jua likishazama, na uvae sweta kama ni Julai.